Posho kwa Jina la Nani? Utangulizi wa Ufeministi katika Siasa za Kushoto na za Kulia

Mouvement Populaire de la Révolution, chama alichokianzisha Mobutu wa Kongo mwaka 1967, kilijinadi kuwa hakiko kushoto, hakiko kulia, na hata katikati hakiko. Kauli hiyo ilitawala zaidi ya miaka 20 na haijatutoka. Mwanafunzi wa Lubumbashi anapofungua kitabu cha ufeministi kwa mara ya kwanza, akakuta wataalamu wanabishana kama harakati za wanawake ni za mrengo wa kushoto peke yake au zinaweza kustawi pia kwenye mrengo wa kulia, huona ni ugomvi wa jirani. Vyama anavyovijua yeye hutambulishwa kwa jina la kiongozi na kwa upande wa nchi alikotoka. UDPS imo katika jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kisoshalisti, na PPRD ya Joseph Kabila nayo ilijiita ya demokrasia ya kijamii. Simama sokoni Kenya (mtaa wetu, si nchi) uulize mafundisho ya vyama hivyo kuhusu mwanamke yanatofautiana wapi, na utajibiwa kwa kicheko.

Utangulizi huu ni wa mwanafunzi huyo. Ubishi wa kushoto na kulia unamhusu sana, ila kwetu haukuwahi kukaa katika vyama. Ulikaa nyumbani: nani ni kichwa cha nyumba, nani anapokea chakula kwa jina la nani, nani anaruhusiwa kwenda kutafuta mshahara. Ndiyo maana ninapendekeza nyumba iwe kipimo chako katika somo hili. Katanga, eneo la Lubumbashi, ina bahati moja ambayo mikoa mingi ya Afrika haina: nyumba zake ziliandikwa katika madaftari ya kampuni, jina kwa jina, kwa miongo mingi.

Niyapite haraka mambo ambayo vitabu vyote vya awali hueleza. Mrengo wa kushoto, tangu karne ya 19, unatafuta chanzo cha unyonge wa mwanamke katika mali na kazi. Clara Zetkin, Mjerumani aliyependekeza Siku ya Wanawake kule Copenhagen mwaka 1910, alikuwa akiwafikiria wanawake wa viwandani na haki yao ya kura. Sisi tumeifanya siku hiyo kuwa mwezi mzima, na kila Machi benki, kampuni na ofisi za serikali huwavisha wanawake wao kikwembe (kitenge) chenye nembo ya mwajiri. Mrengo wa kulia huanzia kwenye familia, dini, taifa na utaratibu. Unamtukuza mwanamke kama mama, na kwa utukufu huohuo unamwekea mipaka. Hadi hapo mambo yanaonekana rahisi, na mwanafunzi anaweza kudhani jibu ameshalipata.

Basi atazame Ubelgiji, nchi iliyotutawala. Mwaka 1919 wanaume wote wa Ubelgiji walipata kura iliyo sawa. Wanawake waliachwa nje, isipokuwa kundi dogo, wakiwemo wajane wa vita. Waliotaka wanawake wote wapige kura walikuwa Wakatoliki, yaani wahafidhina. Waliositasita walikuwa Wasoshalisti na Waliberali, kwa hofu kwamba mwanamke angepiga kura anayoelekezwa na padri. Wakapatana nusu kwa nusu: mwaka 1921 wanawake walipiga kura za manispaa, na kura ya bunge wakaingoja hadi sheria ya mwaka 1948. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi, mwaka 1929, alikuwa Lucie Dejardin, msoshalisti, binti wa mchimba makaa ambaye mwenyewe alifanya kazi mgodini utotoni. Waziri wa kwanza mwanamke, mwaka 1965, Marguerite De Riemaecker-Legot, akatoka katika chama cha Kikristo. Kila upande ulikuwa na mlango uliofungua na mlango uliofunga, na kila mara ulikuwa umekwisha kupiga hesabu ya kura.

Andrea Dworkin, mfeministi wa Marekani, aliliuliza swali hilo kutoka upande mwingine katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu wanawake wa mrengo wa kulia: kwa nini mwanamke achague siasa inayomfunga? Hakuwaita wajinga. Alisema wanaijua dunia ya wanaume ilivyo katili, na mrengo wa kulia unawapa ahadi inayoeleweka: tii, utalindwa. Nadhani aliichukulia imani ya dini kwa wepesi mno, na msomaji wa Kiafrika atalihisi hilo mapema. Lakini hesabu aliyoieleza, ya utiifu kwa ulinzi, inasomeka wazi katika kambi za wafanyakazi za Katanga. Hapo ndipo nataka tukae.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukafuata mwaka 1910. Miaka ya mwanzo kampuni ilitaka wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami na hata Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengine walitoroka, na kuajiri wapya kukawa ghali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza sera: mkataba wa miaka 3, na mfanyakazi aje na mke. Ilifika hatua ya kusaidia mahari. Mwanamke aliingia katika mpango wa kampuni kama dawa ya uhaba wa wafanyakazi, maana mwanaume mwenye mke hatoroki upesi, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho.

Tazama posho. Mfanyakazi alikuwa na fungu lake, mke aliyeandikwa akawa na lake, na kila mtoto lake: unga wa mahindi, mawese, chumvi, samaki au nyama. Mke aliyeandikwa alikuwa mmoja. Wa pili, hata kama ndiye mwenye watoto wengi, hakuwa na fungu, na mwaka 1950 serikali ya koloni ikatoa amri ya kupiga marufuku ndoa mpya za wake wengi. Mjamzito alichunguzwa kliniki, mtoto akapimwa uzito, na katika foyer social, kituo cha mafunzo ya nyumbani, wanawake wakafundishwa kushona, kupiga pasi na kupanga meza kwa mtindo wa Kibelgiji. Yote yalipita kwenye namba ya kazi ya mume. Namba ikifutwa, bukari (ugali), paa na kliniki vilifutwa pamoja nayo.

Waliobuni nyumba hiyo ni kampuni ya kibepari, Kanisa Katoliki na serikali ya koloni kwa umoja wao. Ukitafuta mfano wa siasa ya kulia kuhusu mwanamke, huu hapa umekamilika: mama wa nyumbani, mume mmoja, sala, na mwajiri aliye juu ya wote kama mzazi. Wazee wa kambi walisema kampuni ilikuwa baba na mama yao, na hawakusema kwa uchungu. Hapa mwanafunzi wa ufeministi hukutana na jambo la kwanza gumu. Wapo wanawake wanaoikumbuka posho kwa hamu hadi leo, kwa sababu ilifika kila mara, haikutegemea mume amelewa au hajalewa, na mtoto mgonjwa alitibiwa. Usiwasahihishe. Utii ulikuwa na malipo, na malipo yalilipwa. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo chetu cha Lubumbashi, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Bana Shaba (wana wa Shaba) namna mamlaka ya baba katika familia ya mfanyakazi yalivyosimama juu ya mshahara na posho. Soma kitabu hicho kabla ya nadharia yoyote ya kutoka nje.

Nje ya kambi palikuwa na mwanamke mwingine, asiye na mume kwenye daftari. Nancy Rose Hunt ameandika jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyowatoza kodi wanawake walioishi peke yao mijini. Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, Bujumbura ya leo, wanawake Waislamu, wakiwemo wajane, waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950 kwa sababu iliwahesabu pamoja na makahaba. Hawakuwa wa chama. Walidai heshima ya mwanamke mwenye dini yake, dai ambalo lugha yake ni ya kulia. Na walilidai kwa kugomea kodi ya mkoloni, tendo ambalo mrengo wowote wa kushoto ungejivunia. Ukiona tukio linakataa kukaa kwenye safu moja, usilikate miguu ili lienee. Huenda safu ndizo zina kasoro.

Na mrengo wa kushoto wa Katanga ulikuwa wapi? Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma. Vita vilikuwa vimepandisha bei na mshahara haukutosha. Askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa pamoja na makumi ya wenzake. Ni tukio kubwa kuliko yote katika historia ya tabaka la wafanyakazi nchini mwetu, na kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Lakini lisome tena kwa kipimo cha nyumba. Bei zilizopanda zilikuwa za vitu ambavyo mke ndiye aliyevinunua na kuvipika. Dai likawa mshahara wa mume. Wagomaji walitaka zaidi ndani ya nyumba ileile iliyochorwa na kampuni. Siwalaumu watu waliouawa kwa kudai haki yao. Ninachosema ni kwamba mwajiri na mfanyakazi, waliokuwa tayari kumwaga damu juu ya mshahara, hawakuwa na ugomvi wowote kuhusu mahali pa mwanamke.

Hali iliendelea hivyo katika siasa za uhuru. Mwaka 1957 Élisabethville ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa manispaa, na wapiga kura walikuwa wanaume. Mei 1960 nchi nzima ilichagua bunge, wanaume tena. Miezi hiyohiyo Andrée Blouin, mzaliwa wa Oubangui-Chari, alikuwa akizunguka Kwango na Kwilu kuandikisha wanawake katika Vuguvugu la Wanawake kwa Mshikamano wa Afrika, akishirikiana na chama cha Antoine Gizenga. Aliwafundisha juu ya afya, elimu, ulevi wa wanaume, na haki ya mwanamke aliyetelekezwa. Baadaye akawa mkuu wa itifaki wa Lumumba. Magazeti ya Ulaya yalimpaka kila rangi. Wanawake aliowaandikisha walijaza mikutano ya mrengo wa kushoto, wakaimba, wakabeba ujumbe, na siku ya kura wakabaki nyumbani kwa mujibu wa sheria.

Kura walipewa na Mobutu. Katiba ya mwaka 1967 iliwapa haki hiyo, na mwaka mmoja nyuma Sophie Kanza alikuwa amekwisha kuingia serikalini kama waziri wa kwanza mwanamke. Mtawala aliyelindwa na Magharibi dhidi ya ukomunisti alifanya kwa kalamu yake kile ambacho wazalendo wa kushoto hawakuwahi kukifanya. Halafu akatoza bei yake. Kwa jina la authenticité, yaani kurudi kwenye asili, mwanamke alikatazwa suruali na wigi, akavaa kikwembe chenye picha ya kiongozi, na akacheza ngoma za animation politique mbele ya wageni wa taifa. Mwaka 1987 Sheria ya Familia ikaandika wazi kwamba mume ni kichwa cha nyumba, na kwamba mke anahitaji idhini yake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Mwanamke aliyekuwa waziri au jaji alihitaji idhini ya mumewe kutia saini mkataba.

Kabla hujafikia uamuzi kwamba hiyo ni tabia ya kulia, vuka Ziwa Tanganyika. Tanzania ya Ujamaa ilikuwa kinyume cha Zaire ya Mobutu karibu katika kila jambo. Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamii ya jadi iliwaonea wanawake na kwamba wao ndio wanaofanya kazi zaidi mashambani. Lakini ni Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU uliotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ukapiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kubadili ngozi, miaka kadhaa kabla ya Mobutu. Kuna pia habari ya Bibi Titi Mohamed. Yeye ndiye aliyewaleta wanawake wa Dar es Salaam ndani ya TANU, na Susan Geiger amelithibitisha hilo kwa masimulizi ya wanawake wenyewe. Azimio la Arusha lilipokuja na masharti ya uongozi, kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, na aliyapinga masharti hayo. Kwa mwanamke wa mjini, hasa wa pwani, asiye na pensheni wala shamba lenye hati, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa uhuru wake kutoka kwa mume na kaka. Azimio liliona bepari pale ambapo palikuwa na mwanamke anayejitegemea. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Kesi ya uhaini ni jambo jingine. Ninachokuomba ukizingatie ni zile nyumba.

Katanga ilifunzwa somo lake na uchumi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na vurugu za kisiasa zikafuata, uzalishaji ulianguka hadi chini ya tani 50,000. Mishahara ikakoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Namba ya kazi ikafutwa, na yote yaliyoning'inia juu yake yakaanguka.

Aliyelisha nyumba baada ya hapo alikuwa mke. Alilima mahindi na mboga pembezoni mwa mji, akauza makaa, unga, mawese na samaki wakavu, akaingia likelemba (upatu) na wenzake ili zamu yake ikifika alipe ada ya shule. Kichwa cha nyumba, kwa mujibu wa sheria ya 1987, alikuwa ameketi mlangoni akingoja malimbikizo. Mapinduzi haya hayakuwa na ilani. Hakuna chama cha kushoto kilichoyaongoza, na sera iliyoyazaa ilikuwa ya soko huria tupu. Usiyapambe lakini. Wengi wa wanawake hao walibeba soko mchana na jiko jioni, na mamlaka ndani ya nyumba hayakuhama kwa kasi ya fedha. Benjamin Rubbers, aliyechunguza maisha ya wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, anasaidia kuona jinsi wanaume walivyoendelea kuidai kampuni kama mtoto anavyomdai baba.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, iliahidi usawa wa idadi kati ya wanaume na wanawake katika taasisi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka huohuo ikasema orodha isiyotimiza usawa haitakataliwa, ikawa ahadi isiyo na meno. Mwaka 2016 sharti la idhini ya mume liliondolewa, ila kichwa cha nyumba akabakia mume. Mwaka 2022 vyama vyenye angalau nusu ya wanawake kwenye orodha vilisamehewa dhamana ya uchaguzi; serikali ilitambua hatimaye kwamba chama huelewa lugha ya pesa. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge mwaka 2019, Fifi Masuka alifika ugavana wa mkoa jirani wa Lualaba, na Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda kwa bendera ya ufeministi, wa kushoto wala wa kulia. Mwaka 1995 Amina Mama, akiandika kuhusu Nigeria, alitupa msamiati wa kuchambua hali ambamo wanawake walio karibu na dola hushika nafasi za wanawake wote. Utumie, lakini kwa haki: mwanamke aliyepanda ngazi ya wanaume hakuijenga yeye.

Ugumu wa mwisho ni Kanisa. Maaskofu Wakatoliki wamekuwa sauti kubwa ya uhuru nchini, na Wakristo waliandamana mwaka 2017 na 2018 wakidai uchaguzi. Kanisa hilohilo linapinga utoaji mimba, ambao Itifaki ya Maputo, iliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, inauruhusu katika hali kama ubakaji. Waumini wengi ni wanawake, na wanaoendesha jumuiya za mitaa ni wao. Mwanafunzi atakayewaandika kama wahafidhina tu, au kama wanamapinduzi tu, atakuwa ameandika nusu ya ukurasa.

Ukitoka hapa, anza na Dibwe na Hunt, kisha Geiger, kisha Sylvia Tamale kuhusu wanawake wabunge wa Uganda. Nadharia za Ulaya na Marekani zitakungoja. Lakini vitabu havitoshi. Waliopokea posho ya Union Minière kabla haijataifishwa mwaka 1967 ni bibi wa miaka 80 na zaidi, na kila mwaka wanapungua. Nenda kambini, nenda mitaa ya Katuba na Ruashi, keti na akina mama hao, waulize nani alikuwa na jina kwenye daftari na nani hakuwa nalo, na uyaandike majibu yao katika Kiswahili chao cha Lubumbashi jinsi walivyoyasema.